Batamzinga 6 uani Kigamboni: nitumie banda la kuku au nijenge jipya?

mpya_uani:
Habari za jioni wadau. Nyuma ya nyumba nina eneo la mita 8 kwa 5, udongo wa kichanga. Nataka kuweka batamzinga 6, dume 1 na majike 5, wa miezi minne. Banda la kuku lipo, la bati, lina kuku 12 wa kienyeji. Fundi anasema tuligawe katikati kwa wavu, kuku huku, batamzinga kule. Inafaa? Na kama ni kujenga, vipimo viweje? Masika hayako mbali.

daktari_wa_mifugo_tz:
Mkuu, mwambie fundi aweke msumeno chini kwanza. Wavu unazuia ndege, hauzuii kinyesi. Kuku wengi wanabeba minyoo midogo ya utumbo, na ndani ya mayai ya minyoo hiyo kuna kimelea cha ugonjwa wa kichwa cheusi. Kuku mwenyewe unamwona mzima. Batamzinga akidonoa udongo huo, au nyungunyungu aliyekula mayai hayo, kimelea kinakwenda kwenye ini. Utaona kinyesi cha njano kama salfa, mabawa yameshuka, halafu vifo. Jina lisikudanganye, mara nyingi kichwa hakibadiliki rangi kabisa.

Mayai hayo yanakaa ardhini miaka. Kuwapa kuku dawa ya minyoo ni vizuri, ila yaliyokwisha kudondoka yako palepale. Kwa hiyo jenga upya, mahali ambapo kuku hawajawahi kuchakura, na maji ya mvua yasitiririke kutoka kwa kuku kuja huko. Ndala unazoingia nazo kwa kuku zibaki hukohuko, koleo hivyohivyo. Wahudumie batamzinga kwanza, kuku baadaye.

fundi_mabanda:
Nakubaliana na daktari. Vipimo sasa.

Banda mita 3 kwa 2.5 linakutosha, kila ndege anapata zaidi ya mita moja ya mraba. Eneo linalobaki lifanye uwanja wa kutembelea. Urefu wa paa mbele mita 2.5, nyuma 2.1. Banda la bati lililo chini ya hapo, kwa joto la Dar la Januari, ni oveni. Ukipata makuti yalaze juu ya bati, yanapunguza moto sana.

Ukuta ni kozi 3 tu za tofali, kama sentimita 70, juu yake wavu mgumu wa kuchomelewa wenye matundu ya nusu inchi. Ule wavu laini wa kuku mbwa anauchana usiku mmoja. Kwa kichanga chako, wavu wa uwanja uukunje chini, ulale kuelekea nje sentimita 50, kisha ufukie. Nguchiro anachimba palepale wavu unapogusa ardhi, anakutana nao, anakata tamaa. Bati litoke nje sentimita 75, maana mvua ya masika hapa inakuja ya ubavu. Upande inakopigia zaidi weka turubai la kukunja. Usizibe pande zote: ukiinama usawa wa kichwa cha ndege na macho yakawasha, hewa haitoki.

Kitu kinachoharibiwa na wengi ni kichanja cha kulalia. Fito nyembamba inawatoa malengelenge kifuani. Tumia mbao ya 2 kwa 4, ilazwe upande mpana, kona zipigwe msasa. Kila ndege anataka sentimita 45, kwa hiyo mbao moja ya mita 3 inawatosha wote, ila weka nguzo katikati, ikilazwa hivyo inapinda. Kimo sentimita 60, basi. Dume mzito akiruka kutoka juu kwenye saruji anapata vidonda vya nyayo.

mpya_uani:
Asanteni sana wakuu. Sakafu je? Na nikiwaweka vifaranga baadaye?

daktari_wa_mifugo_tz:
Saruji yenye mteremko kidogo kuelekea mlangoni, juu yake maranda sentimita 10. Maranda, sio vumbi la mbao. Vifaranga wanalila hilo wakidhani chakula, linawaziba. Kamata konzi moja ufinye: yakigandamana kama kitumbua, yaondoe. Maranda yaliyo chini ya chombo cha maji ndiyo yanayolowa kwanza, chombo kinyanyue kifike usawa wa mgongo wa ndege.

Vifaranga watakaa peke yao kwenye boksi, nyuzi joto 35 wiki ya kwanza, ukipunguza kama 3 kila wiki. Kona za boksi zizungushe kwa kadibodi, maana wakishtuka wanarundikana konani na wa chini wanakosa hewa. Na usisahau chanjo ya ndui, mbu wa hapa wanaisambaza.

fundi_mabanda:
Viota viwili, sentimita 60 kila upande, chini kabisa, kwenye kona yenye giza, ndani ya banda. Jike akitaga uwanjani, kunguru wanafika kabla yako.