Tunabanana watano kwenye simu moja kusikiliza kipindi, wanne tunaandikiwa hatukuhudhuria!

Wakuu salamu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Chuoni kwetu (sikitaji, bado nataka kumaliza) tunasoma kwa huu mfumo wa mseto: siku mbili darasani, zilizobaki kila mtu na simu yake. Haya. Geto tupo watano, na simu inayofungua Zoom bila kuganda ni moja tu. Siyo yangu.

Tukajiongeza. Bando tunachanga, simu tunaiegesha kwenye sufuria, tunabanana kitandani, mwenye mkono mwepesi anaandika kwa niaba ya wote. Video za vipindi, mmoja anaamka saa tisa usiku kuzishusha kwa bando la usiku, asubuhi tunarushiana kwa Xender. Dokta mwenyewe anatumia Zoom ya bure, ikifika dakika ya 40 inakata. Linki mpya mpaka ifike kwenye grupu na sisi turudi, swali keshalimaliza.

Yote hayo tulishayazoea. Sasa juzi yamebandikwa mahudhurio. Kumbe wanahesabu akaunti zilizoingia! Mwenye simu ana asilimia 90 na ushee, mimi 22. Na bila 75 huingii kwenye pepa.

Nikaenda ofisini na daftari langu, kila kipindi kimo, na tarehe zake. Naambiwa, "Ungeingia kwa akaunti yako." Kwa bando lipi? Boom (ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) la anayepata lote ni 10,000 kwa siku, humo humo ule na ulale, na mimi silipati lote.

Kinachoniudhi zaidi, njia ipo. Moodle, ule mfumo wa kuwekea masomo mtandaoni, ina programu ya simu, unapakua notisi mara moja unasoma bila bando. Dokta akirekodi sauti tupu, saa nzima inaenea kwenye MB 30. Lakini hapana, lazima tumtazame akisoma slaidi zile zile alizotutumia jana yake!

Mwisho wa barua za rufaa ni Ijumaa. Aliyewahi kurudishiwa mahudhurio kwa kesi kama hii aniambie aliiandikaje na aliambatanisha nini. Na nyie wa "nunua simu acha kulia", pita kushoto, leo sina muda wenu.