Ami ni msimamizi wa nyumba ya babu, sasa ataka kuiuza. Ana haki?

mjukuu_wa_mkomani:
Asalaam aleikum jamani, nisaidieni manake kichwa chauma. Babu yetu alikuwa na nyumba ya mawe hapa Lamu, Mkomani, ya zamani yenye daka (ukumbi wa kuingilia) mbele. Mwaka 1987 aliandika karatasi kwamba nyumba ni wakfu ya watoto wake na wajukuu, na wakimalizika iende kwa masikini, na ami yangu ndiye msimamizi. Babu akafa 2009 akaacha watoto wanne, baba, ami na mashangazi wawili, nyanya alikuwa ameshatangulia. Baba naye akafa 2016. Tangu hapo ami amekodisha nyumba kwa watalii, sisi hatujaona hata shilingi, na dari ya juu boriti zimeoza maji yaingia, sasa tumesikia kuna mzungu ashatoa dauni peimenti. Nikimuuliza ami aniambia "jina langu ndilo liliyo kwenye karatasi, wewe mtoto utaniuliza nini". Hati ya nyumba bado iko kwa jina la babu. Ami namuheshimu lakini hili limenishinda.

langoni_tu:
Na huyo mzungu atoa ngapi? Uzeni mugawane muache ugomvi 😂

binti_khadhi (si mtoto wa kadhi, ni jina tu):
Waaleikumsalaam. Langoni acha mzaha, watu wavunjika undugu kwa haya.

Mdogo wangu, msimamizi si mwenye mali. Wakfu ikishasimama mali imetoka kwa babu, hairudi kwa mtu yeyote. Ile hadithi ya Sayyidna Umar, swahaba wa Mtume, alipoliweka wakfu shamba lake la Khaybar ndiyo msingi wenyewe, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Ami kazi yake ni kukusanya kodi, kwanza atengeneze nyumba (hizo boriti zingekuwa za kwanza kubadilishwa kabla mtu hajala kitu), kinachobaki awape walioandikwa, na akitaka ujira wake uwe wa kiasi. Na mukimdai hesabu ni lazima atoe, hilo si utovu wa adabu.

Kisha jueni kuna sheria mpya ya wakfu ya 2022, ile ya 1951 imefutwa. Tume ya wakfu iko Mombasa, nendeni muulize kama wakfu hii iliwahi kuandikishwa. Msitegemee neno la ami pekee. Hizi wakfu za dhuria, yaani za kizazi cha mtu, zina historia refu pwani yetu, zamani majaji wa kikoloni walikuwa wakizibatilisha wakisema hakuna sadaka ndani yake, ni watu kuwawekea watoto wao tu, mpaka sheria ya 1951 ikazikubali kwa sharti mwisho wake ziende kwa masikini. Babu yenu yaonekana alijua alichoandika.

Lakini niandikie maneno ya karatasi yenyewe, neno kwa neno, manake hapo ndipo penye kazi.

mjukuu_wa_mkomani:
Shukran dada. Nimeisoma tena jana usiku, yasema "baada ya kufa kwangu nyumba yangu iwe wakfu kwa watoto wangu na dhuria zao". Mashahidi wawili, wote marehemu.

binti_khadhi:
Ahaa. Basi mambo yabadilika kabisa na ami akipata wakili mjanja atalishika hili hili. "Baada ya kufa kwangu" maanake hakuitoa akiwa hai, kwa hiyo yahesabiwa kama wosia. Na wosia una mipaka miwili, haupiti theluthi ya mali yote (si ya nyumba peke yake, kama alikuwa na shamba kule Hindi, upande wa bara wa Lamu, hilo pia laingia kwenye hesabu), na tena wosia kwa mrithi haufai mpaka warithi wengine waridhie baada ya yeye kufa. Watoto wake wote ni warithi. Je mashangazi waliridhia 2009?

Kama hawakuridhia, nyumba ni tarka, yaani mali ya kurithiwa, mafungu sita, baba yako mawili, ami mawili, kila shangazi moja. Fungu la baba yako laenda kwa warithi wake yaani nyinyi na mama. Kwa njia hii au ile, ami hana nyumba ya kuuza peke yake.

mzee_wa_maweni:
Niongeze kitu kutoka hapa Malindi, nimeumia nacho mimi mwenyewe. Nilinunua kiwanja kwa mtoto wa marehemu, ana karatasi ya chifu na kila kitu, kumbe hajachukua hati ya usimamizi wa mirathi kortini. Ndugu zake wakaja, nikapoteza kiwanja na pesa. Hata sisi waislamu ambao mgao wetu ni wa sharia ya dini, upande wa kusimamia mali ya maiti ile sheria ya urithi ya serikali yatuhusu, ardhi au nyumba haiuzwi kabla korti haijathibitisha, na anayejiingiza kwenye mali ya maiti bila ruhusa aweza kupigwa faini mpaka shilingi 10,000 au kifungo mpaka mwaka mmoja au vyote. Huyo mzungu mwambieni mapema, tena asiye raia hamiliki ardhi moja kwa moja Kenya, ni lisi (kukodi kwa muda) isiyozidi miaka 99.

Leo leo fanya sachi ofisi ya ardhi, uone nyumba imeandikwa kwa nani, ukikuta bado jina la babu weka zuio la kuuzwa mara moja, utabishana na ami baadaye. Kisha kwa kadhi wa Lamu, ila kadhi ataka wote muwe waislamu na mukubali kuhukumiwa naye. Ami akikataa ni korti za kawaida, na huko foleni ni refu.

langoni_tu:
Kwani ami akimwona mjukuu kortini hatamlaani?

binti_khadhi:
Atamlaani sana tu. Mjukuu, tafuta mzee ambaye ami amstahi mkakae barazani kwanza, lakini zuio likishaingia. Si kabla.

mjukuu_wa_mkomani:
Nimempigia shangazi mkubwa saa hii. Asema hajawahi kuulizwa kitu, karatasi yenyewe hakuiona mpaka leo nilipomsomea kwa simu. Alinyamaza kisha akaniuliza kodi ni pesa ngapi kwa mwezi. Jumatatu naenda naye ofisi ya ardhi.