Nimerudi kutoka umisheni mwambao wa Tanganyika, kuomba kumenishinda. Jumapili natakiwa kutoa ushuhuda. Naombeni ushauri

BintiWaUluguru:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na ndugu zangu wengine wote humu nawasalimu. Uzi ni mrefu, nivumilieni. Nyumbani sijamsimulia mtu mkasa mzima.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 28, nimeokoka tangu kidato cha pili. Kanisani niko timu ya maombezi. Watu huniandikia mahitaji yao kwenye vikaratasi, nami huyabeba mbele za Mungu wiki nzima, na nimeona akijibu. Likizo ya mwezi wa sita tulikwenda umisheni watu tisa: treni mpaka Kigoma, kisha boti ya mbao kuelekea kusini, vijiji vilivyo ng'ambo ya Milima ya Mahale. Huko barabara ni ziwa lenyewe. Malaria ililaza wenzetu wawili, pesa ya chakula ikaisha mapema, tukawa tunakula ugali wa muhogo na dagaa kwa wema wa wenyeji. Hayo nayataja tu, siyo yaliyoniumiza.

Siku ya sita, saa mbili usiku, alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni, wa kiume, wa miaka minne hivi. Alikuwa amembeba kwa kitenge cha samaki wa buluu. Mtoto alikuwa anawaka. Tulipompokea tu akaanza degedege, macho yamegeuka, meno yameumana. Kiongozi wetu akasema hii ni roho chafu, tuombe kwanza. Tukaomba saa nzima kwa sauti ya juu. Mimi ndiye niliyeshika kichwa. Na wakati nimekishika, moyoni najua kabisa kwamba mtoto huyu anatakiwa zahanati, kwa sababu shuleni kwetu nimeshaona wanafunzi wawili wakiwa hivyo. Sikusema. Niliogopa kuonekana sina imani.

Mjomba wa mtoto ndiye aliyekatiza, akaenda kutafuta boti. Petroli ikabidi iazimwe nyumba hadi nyumba. Zahanati yenyewe ilikuwa mwendo wa karibu saa tatu kwa maji. Nilipanda nao. Mtoto alikata roho kabla hatujafika. Mama yake hakupiga kelele. Alikifungua kile kitenge, akakikunja mara mbili, akakikunja tena, taratibu, kama mtu anayekunja nguo zilizotoka kuanuliwa, akakiweka mapajani na mtoto juu yake.

Tangu usiku ule sala ikanikauka. Nikifumba macho nasikia lile joto kwenye kiganja. Mikutano ikaendelea, nikawa nasimama na wenzangu nikitikisa midomo. Siku ya tatu baada ya mazishi yule mama alikuja na bakuli la dagaa wa mawese. Akanikuta nyuma ya nyumba. Akasema, "Mwalimu, siku hizi sauti yako siisikii." Akaniwekea mkono kichwani akaniombea kwa Kiha. Niliambulia neno moja tu, Imana, yaani Mungu. Yeye aliyefiwa ndiye aliyeniombea mimi.

Siku ya kurudi, usiku, upepo wa kusini ukakaza, injini ikazima, maji yakaanza kuingia. Wenzangu wakasimama kukemea upepo. Nahodha, baba mmoja Muislamu, akasema kwa utulivu, "Kaeni chini, mtatupindua. Ombeni, lakini mkono usiache kuchota." Nikapewa dumu la lita tano lililokatwa juu. Nikachota. Kila dumu nikisema, "Bwana, hurumia." Sikuwa na neno lingine. Sijui ni mara mia ngapi, mpaka fundi akaiwasha injini karibu na alfajiri. Hiyo ndiyo sala ya kwanza iliyotoka kwangu tangu mtoto afariki, na nilihisi nasikilizwa kuliko wakati wowote nilipokuwa nashika maikrofoni.

Sasa nimeambiwa Jumapili nisimame niseme Mungu alivyotuliza dhoruba na watu walivyookoka. Habari ya mtoto nimeshauriwa niiache, itavunja watu moyo. Naombeni mniambie: ile sala ya kwenye boti ni imani, au ni hofu ya kufa tu? Na Jumapili nifanyeje?

Mtumishi_Dodoma:
Pole sana dada. Ila tuseme kweli ya Neno. Mathayo 17, wanafunzi walishindwa kwa mtoto mwenye kifafa, Yesu akawaambia ni kwa upungufu wa imani yao. Vita vile haviendewi bila kufunga. Nashauri ufunge siku tatu, utubu kutokuamini kwako, na Jumapili utangaze ushindi. Usimpe adui nafasi kwa kusimulia kifo.

NesiWaZamu:
Mtumishi nakuheshimu, lakini hapa nazungumza kama nesi niliyefanya kazi wodi ya watoto miaka kumi na moja, na kama Mkristo.

Binti, homa kali na degedege kwa mtoto wa miaka minne kanda ile ni malaria kali mpaka kipimo kikatae. Mtoto wa namna hiyo hawezi kumeza dawa mseto. Anatakiwa sindano ya artesunate, na sukari yake ipimwe maana hushuka haraka. Unamlaza ubavu, humtii kijiko mdomoni, humpi chochote cha kunywa akiwa hajitambui, na unaondoka naye saa hiyo hiyo. Nayaandika haya kwa ajili ya kila mtu humu anayejiandaa kwenda umisheni. Bebeni vipimo vya haraka vya malaria, nendeni na mtu wa afya, na fedha ya petroli ya dharura itengwe kabla hata ya fedha ya vipaza sauti.

Sasa kuhusu wewe. Siwezi kukuambia ile saa moja ingemwokoa. Nimepoteza watoto waliofikishwa mapema, na nimewaona waliochelewa wakiamka asubuhi wanaomba uji. Nisichokubali ni ile saa kuitwa imani. Wewe mwenyewe umeandika uliogopa kuonekana. Imani yako usiku ule ilikuwa ile sauti ya ndani iliyokuambia zahanati, na ukainyamazisha. Nahodha alikufundisha jambo hilo hilo baadaye kwa dumu. Nimelia kusoma hapo.

MwanaUjiji:
Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu na baba yangu alikuwa mtu wa maboti. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Akamjibu amfunge kisha atawakali. Nahodha wako alikuwa anakwambia hilo. Ziwa lile lina kina cha zaidi ya mita 1,400, anayelifanyia kazi hawezi kuacha dua na hawezi kuacha kuchota. Pole kwa msiba, na Mungu ampe subira yule mama.

MchungajiMstaafu:
Binti yangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika.

Nimekuwa kwenye uchungaji miaka thelathini na sita na nimezika watoto wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu. Nitakuambia kitu ambacho wahubiri hatukisomi madhabahuni mara nyingi. Mwishoni mwa barua ya pili kwa Timotheo, kwenye salamu, Paulo anaandika kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Basi. Hakuna maelezo. Paulo yule yule ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, hapa anamwacha mwenzake wa safari kitandani na kuendelea na njia. Hakuandika kwamba Trofimo alipungukiwa na imani. Hakuandika kwamba yeye mwenyewe alisahau kufunga. Na hakukificha. Mstari ule ungeweza kuachwa na barua isingepungua kitu machoni petu, lakini upo.

Na zile Zaburi. Wewe ni mwombezi, unazijua. Nyingi zinaanza na kilio zikaishia na sifa. Lakini ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, neno la mwisho ni giza. Ni sala hiyo, na iliimbwa hekaluni. Kwa hiyo usiku usiokuwa na maneno usiuhesabu kuwa usiku usiokuwa na sala.

Umeuliza kama ile ya boti ni imani au hofu. Mbona unazitenganisha? Yule baba wa mtoto katika Marko 9 alisema yote mawili kwa pumzi moja, naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, na alisikilizwa.

Lakini lipo deni, nami sitakubembeleza hapo. Kabla hujasimama mbele ya kanisa, zungumza na yule mama. Mwambie ulijua na ukanyamaza. Usimwambie ili akusamehe. Mwambie kwa sababu ni haki yake kujua. Na kiongozi wenu aambiwe pia, kwa adabu, ana kwa ana, si humu.

DadaWaKisauni:
Pole mpenzi. Naandika kutoka Mombasa. Huku Nyali kuna kaburi ambalo mimi hulipitia nikiwa na jambo zito. Ni la Rosina, mkewe Krapf, yule mmishenari Mjerumani. Walifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa saba mwaka huo huo homa ikamchukua Rosina, na baada ya siku chache kichanga chao cha kike kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Hebu fikiria alichokuwa anaomba siku zile, na asivyopata. Mmishenari mwenzake, Rebmann, alipokuja miaka miwili baadaye ndipo wakafungua kazi Rabai, karibu na Mombasa.

Sisemi kwamba Mungu alimuua Rosina ili Rabai ipatikane. Maneno ya namna hiyo nilisemewa nilipompoteza mwanangu na sitamwambia mtu yeyote. Nasema tu kwamba kaburi hilo wameliacha lionekane. Linatunzwa, watu hufika. Kanisa la pwani halikuanza kwa kuficha kaburi la mtoto, basi hata wewe Jumapili usifiche.

Mwungwana_Nyarugusu:
Dada, mimi ni Mkongomani, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Wamisheni wengi walikuwa wanakuja kutuombea. Wanapiga picha, wanakwenda. Sisi tulikuwa tunabaki na wagonjwa wetu. Mama yangu alikuwa anasema, wale vijana wanatuhurumia, lakini sisi nani atatuuliza kama tunaweza kuwaombea?

Yule mama alipokuwekea mkono, alikuwa anafanya kazi yake ya kanisa. Usimsimulie Jumapili kama maskini aliyefiwa. Msimulie kama mwombezi. Kijiji kile kilikuwa na watu wa sala mbele ya ninyi kufika.

Mtumishi_Dodoma:
Nimerudi kusoma majibu yote. Kufunga bado nakuamini na sitarudi nyuma hapo. Lakini dada nilikuharakisha, nikakubebesha kifo cha mtoto kana kwamba mimi nilikuwepo. Nisamehe. NesiWaZamu, naomba orodha ya vifaa vya kubeba. Mwezi wa tisa tunapeleka timu ya vijana na sijawahi hata kuwaza kipimo cha malaria.

NesiWaZamu:
Nimekutumia inbox Mtumishi. Mungu akubariki kwa kuuliza.

BintiWaUluguru:
MREJESHO. Asanteni sana wote. Nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja. Mchungaji, shikamoo.

Kiongozi wetu nilikwenda kwake Jumatano. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema naye hapati usingizi, na kwamba kila usiku saa mbili huangalia saa. Hatukusema mengi. Tumekubaliana safari ijayo hakuna timu kuondoka bila mtu wa afya, na ataliandika kwenye taarifa yake.

Yule mama nimempata jana kwa simu ya mwinjilisti wa kijiji. Huko mtandao unapatikana mlimani tu, kwa hiyo alipanda. Nilimsikia akihema kabla hajaongea. Nikamwambia yote, kwamba nilijua na sikusema kwa sababu niliogopa watu. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Nilisikia upepo na mbuzi. Kisha akasema, "Mimi pia nilijua, mwalimu. Nilikuja kwenu kwanza kwa sababu petroli nilikuwa sina." Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Akaniuliza kama siku hizi nalala. Nikamwambia kidogo. Akaniambia binti yake mkubwa anaanza darasa la kwanza mwezi wa kwanza na kifua kinamsumbua, amempeleka zahanati, wamempa dawa, sasa anaomba nimwombee.

Nilijaribu kuanza kama tunavyoanza siku zote, Mungu Baba mwenyezi uketiye mahali pa juu, nikaishia hapo. Nikataja jina la mtoto. Nikalitaja tena. Upande wa pili yeye akawa analitaja nami, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka salio la mwinjilisti likaisha.

Jumapili nimemwambia katibu kwamba nitasimama, na nitamsimulia mtoto na mama yake, na lile dumu. Kama hilo haliwezekani nitakaa kwenye benchi na wenzangu. Bado hajanijibu. Nauli ya mama nimeanza kuikusanya, maana nataka mwakani yeye ndiye aje huku kwetu, akae na timu yetu ya maombezi wiki nzima. Mwungwana, hilo umenipa wewe.