Modeli ya kutenganisha aina za saratani ya mapafu inayumba kwenye data ya nje

Swali
Nina data ya RNA (nakala zinazoonyesha kila jeni inafanya kazi kiasi gani) ya uvimbe wa mapafu yenye jeni zipatazo 20,000, ilhali wagonjwa ni mia moja na ushei tu, wengine wakiwa na adenokasinoma na wengine kasinoma ya seli bapa. Modeli ya kompyuta inayotumia jeni 50 zinazotofautiana zaidi kati ya makundi haya inapatia karibu kila sampuli, lakini nikiipa data ya maabara nyingine inayumba. Je, niongeze idadi ya jeni?

Jibu la 1
Kuongeza jeni hakutasaidia. Chunguza kwanza jeni hizo 50 zilichaguliwa lini: ikiwa uteuzi ulitumia sampuli zote kabla ya kutenga za majaribio, basi modeli ilichungulia majibu, kwa hiyo uteuzi unapaswa kurudiwa ndani ya kila mgawanyo wa mafunzo. Pia maabara mbili hutofautiana katika utunzaji wa tishu na vifaa vya kusomea RNA. Njia mojawapo ya kupunguza athari hiyo ni kulinganisha jeni ndani ya sampuli ileile, kwa mfano kuuliza kama KRT5 imezidi NAPSA, badala ya kutegemea viwango vyenyewe.

Jibu la 2
Naongezea upande wa biolojia. Katika adenokasinoma tunatarajia NKX2-1 na NAPSA ziwe juu. Katika kasinoma ya seli bapa, TP63, KRT5 na mara nyingi SOX2. Zisipoonekana kwenye orodha yako, ningeitilia shaka orodha nzima. Jeni kama SFTPC nazo zinahitaji tahadhari, kwa kuwa huenda zinatoka kwenye tishu ya kawaida ya mapafu iliyokatwa pamoja na uvimbe. Kwa aina hizi mbili, wanapatholojia kwa kawaida hutosheka na hadubini pamoja na kingamwili zinazotambua protini za TTF-1 (ya jeni NKX2-1) na p40 (ya jeni TP63), na jibu lao lina uzito katika tiba, maana dawa ya pemetreksedi haipendekezwi kwa kasinoma ya seli bapa.

Jibu la 3
NKX2-1 peke yake isikupumbaze, kwani hupanda pia katika saratani nyingi za seli ndogo, ambazo ni aina nyingine ya saratani ya mapafu. Na kwa maoni yangu, hizo za seli ndogo ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi faida ya RNA: chini ya hadubini hufanana sana, lakini viwango vya ASCL1, NEUROD1 na POU2F3 huzigawa katika makundi yenye tabia tofauti za kibiolojia.