Kimara au Kigamboni kwa anayefanya kazi Posta? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za muda huu. Nipo Kimara Bonyokwa mwaka wa tatu sasa, kodi inaisha mwezi ujao na mama watoto kakomaa tuhamie Kigamboni, anasema kule kuna upepo na watoto watapata pa kuchezea. Kazi yangu ipo Posta, katikati ya jiji la Dar, kwahiyo naona bora niulize waliokaa pande zote kabla sijampa dalali mwezi wake mmoja bure.

Nianze na ya kwangu. Kimara raha yake mabasi ya mwendokasi, tangu yaanze 2016 ukishapanda pale Kimara Mwisho foleni ya Ubungo na Magomeni unaiangalia dirishani tu, unashuka Kivukoni. Kasheshe ni kufika hapo Mwisho. Huku ni milima na mabonde, dalali atakwambia "dakika tano tu toka lami" ila hasemi ni dakika tano za kushuka, kupanda utajijua mwenyewe. Masika iliyopita nampeleka mtoto shule na boda, tumefika kwenye korongo jamaa akazima pikipiki akasema bro mimi naishia hapa, nikavua viatu nikambeba mgongoni, kazini nimeingia na tope mpaka kwenye mkanda. Na maji kwangu yanatoka yanapojisikia, bila simtank hukai.

Haya wa Kigamboni mwageni.

—
Mimi Tungi mwaka wa nne. Asubuhi natembea mpaka feri, shilingi 200 yangu ya pantoni, ukishavuka Posta unaenda kwa mguu. Ila usihesabu kuvuka mkuu, kuvuka ni dakika chache, hesabu kusubiri. Siku pantoni imebaki moja mtabanana pale kwenye banda mpaka ujute. Wengi wanadanganyika na kodi ya Kibada, wanasahau Kibada hadi feri ni nauli nyingine na muda mwingine. Kaa karibu na feri au baki na milima yako.

—
Kama una gari kuna daraja, ila tozo ya kwenda na kurudi piga kwa mwezi mzima ndo useme kodi ya huku nafuu.

—
Mbona hamsemi maji ya chumvi? Nilipanga Mjimwema, nyumba nzuri, fensi, kila mtu na luku yake ya umeme, nikalipa miezi sita bila kuuliza. Kisima chumvi tupu. Sabuni haitoi povu, maharage yanabandikwa saa nane mchana saa mbili usiku bado yanagonga meno, birika likaota magamba meupe ndani. Nikawa nanunua maji ya kunywa na kupikia kwa madumu, ile hela niliyookoa kwenye kodi ikaishia humo humo. Na cha ajabu nyumba ya tatu toka kwangu maji matamu kabisa, kwahiyo sio Kigamboni yote, ni kisima na kisima. Onja kabla hujalipa.

—
Mleta mada nimerudi. Jumamosi tumeenda kuangalia chumba na sebule Tungi, kabla hata ya kuingia ndani nikafungua bomba la uani nikakinga kwa kiganja nikanywa. Dalali kaniangalia, akauliza "bosi, kwani wewe bwana afya?" Maji yalikuwa matamu. Mama watoto ameshaanza kufunga vyombo.