Mrejesho: mpasuko mdogo wa mdomo wa mwanangu

Wapendwa, niliuliza hapa kama pengo dogo kwenye mdomo wa juu wa mwanangu, lisilofika puani, linahitaji upasuaji kamili au kushonwa ngozi tu. Ameshafanyiwa upasuaji, namshukuru Mungu.

Kumbe tatizo halikuwa ngozi. Daktari alisubiri mtoto alie, akanionyesha: pembeni mwa lile pengo palitokea kivimbe. Ni msuli unaozunguka mdomo, haukuungana. Ukishona ngozi peke yake, kivimbe hicho kinabaki.

Mbinu ya daktari wa upasuaji Millard, iliyotangazwa mwaka 1955, huzungusha ngozi ya upande mmoja na kusogeza ya upande wa pili, lakini ingemwachia kovu refu hadi chini ya pua. Kwake walichagua mikato midogo yenye umbo la Z, wakaunga msuli kwa ndani, kisha wakalinganisha mstari ambapo ngozi hukutana na wekundu wa mdomo. Mstari huo uliwekewa alama za wino kabla ya kukata, maana hata milimita moja ikipishana, jicho linaona.

Sasa ni wiki ya 6. Kovu bado jekundu, gumu kidogo. Nalikanda kila jioni kwa ncha ya kidole, kama nilivyoelekezwa, na leo amenichekea mdomo mzima.