Lamu kwa mfuko mdogo: tule wapi, tunywe nini?

MgeniWaVoi

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi na mke wangu tunakuja Lamu mwezi wa kumi na mbili kwa basi, na watoto wetu wawili: mmoja yuko darasa la sita, mwingine bado chekechea. Nauli na chumba nimeshajipanga. Kinachonitia wasiwasi ni chakula. Kila ninayemuuliza ananiambia Lamu ni ya watalii, ukiletewa menyu ujue pesa zimekwisha. Sitaki tushinde na chipsi na soda, kisha turudi Voi tukisema tumefika Lamu. Nataka watoto waonje wanachokula Waamu wenyewe, na mimi nijue wazee wa huko hunywa nini jioni. Tuanzie wapi?

MamaLangoni

Waaleikumu salaam, baba. Karibuni Amu, ndivyo tuitavyo Lamu sisi wenyeji, wewe na jamaa yako.

Waliokwambia Lamu ni ghali walikula mbele, pale ukingoni mwa bahari. Ingieni ndani, mpaka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kisha mfuate vichochoro. Na jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: Amu chakula kina saa zake. Ukifika kwa saa yake utakula kizuri, cha moto, kwa bei tunayonunua sisi. Ukichelewa utaishia kwenye menyu.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Tokeni mapema, maana saa tatu ikipiga vyungu vingi vishakombwa. Mbaazi nzuri utaijua kwa tui: liwe zito, limeshikana, halikukatika. Mpishi anayejua kazi hutia tui la kwanza mwisho kabisa, kisha hauachi moto uwake sana. Chai iwe ya tangawizi. Hapo mmeshiba nyote wanne na hamjavunja noti kubwa.

Mchana tafuteni hoteli ndogo za karibu na soko, ubavuni mwa ngome. Usiulize kuna nini, uliza leo kumeingia samaki gani. Jodari au changu kwa wali wa nazi, na ndimu pembeni, basi. Kamba mawe waachie wenye mahoteli. Ijumaa msikose biriani au pilau. Baada ya adhuhuri mji hulala, maduka mengi hufungwa mpaka alasiri, nanyi laleni, jua la Disemba si la kuchezea watoto.

Sasa alasiri, baba, hapo ndipo Amu inapopendeza. Akina mama hutoa makarai milangoni. Viazi vya karai vyenye ganda la manjano, bajia, kachiri za muhogo, na mishikaki inafuka kwenye makaa hapo kando. Juu humiminiwa ukwaju. Watu hula wamesimama, wengine wamekaa barazani, kila mtu anamsalimu kila mtu. Mimi nimelelewa kwa karai la mama yangu, na ninakwambia, mgeni akija hapo na kusema "shikamoo" kwanza, huongezewa kiazi kabla hajaomba.

Kuna kitu kimoja nakuomba mkitafute: mkate wa mofa. Huu hauokwi kwenye sufuria. Hubandikwa ubavuni ndani ya mofa lenyewe, tanuri la udongo, ukaiva kwa joto la kuta. Ukitoka moto, uchovye kwenye mchuzi wa samaki wa kupaka. Wanaoupika wanapungua, vijana wanaona ni kazi ya kujiunguza mikono kwa faida ndogo, na jambo hili linaniuma. Kila mgeni anayeuliza mofa anampa mpishi sababu ya kuwasha moto tena kesho. Ulizeni mitaani, msione haya.

Jioni ni kahawa tungu. Nenda Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, baada ya magharibi. Muuzaji ana dele lake, birika la kahawa, juu ya makaa na vikombe vidogo visivyo na mkono. Haina sukari, ina tangawizi na iliki, na utamu wake ni tende au kipande cha halua unachotafuna kwanza. Kaa, usikilize, tazama bao likichezwa. Nakwambia ukweli, baraza zile kwa desturi ni za wanaume. Mkeo hatafukuzwa, ila akiona hana raha, mwambie muuzaji akujazie themosi, mkanywe darini mkipigwa na upepo. Pombe msiitafute mitaani, mji huu haukuizoea.

NahodhaMatondoni

Mama amesema vyema, mimi naongeza ya majini. Mkifika Mokowe, gati la bara mnaposhukia basi, ulizeni boti ya abiria, ile inayongoja ijae. Ya mwendo kasi inafika upesi lakini mtalipa zaidi kwa safari hiyo hiyo. Disemba ni kaskazi, bahari huwa nzuri kuliko wakati wa kusi, samaki wanapatikana na bei hushuka.

Shela, kijiji cha jirani, nendeni kwa miguu, ufuo ni wa watu wote na kuoga ni bure. Ila tazameni maji. Yakitoka njia ni nyeupe, yakijaa siku za bamvua, maji makuu, hupigi hatua. Na bebeni chakula kutoka mjini, Shela kila kitu kimepanda.

KijanaWaMalindi

Mama Langoni, kwa heshima, pale mbele hapana budi mara moja. Bilauri ya sharubati ya embe pale ni kubwa, watoto wawili wanagawana, na Disemba ni msimu wa embe. Mtu akae atazame majahazi yakipita.

Pia bebeni vitambulisho, kiingilio cha raia katika majumba ya makumbusho ni nafuu kuliko cha mgeni wa nje. Ngome ilianzwa 1813 ikamalizika 1821, na ilikuwa jela mpaka 1984. Huyo wa darasa la sita ataipenda.

MamaLangoni

Kwa embe nakubali, mwanangu. Mara moja, na waagize bila sukari, embe la Lamu halihitaji.

MgeniWaVoi

Mmenifungua macho, Mungu awabariki. Swali la mwisho: mdogo hawezi pilipili hata kidogo. Na je, Maulidi tutayapata?

MamaLangoni

Maulidi ya Amu huwa mwishoni mwa Mfungo Sita, na mwezi huo huzunguka, kwa hiyo tazama kalenda ya Kiislamu kabla hujakata tikiti. Yakiwa yameangukia siku zenu, kuna zefe, maandamano ya kaswida, na ngoma za goma na kirumbizi zinazochezwa kwa bakora, vyote bure. Lakini vyumba hujaa, lipia mapema.

Pilipili hutiwa mwisho na ukwaju, sema tu "ya mtoto usitie". Asubuhi mpe mkate wa sinia, ni mtamu, una nazi na iliki, wala hauna pilipili. Ukimpata mama anayeupika, mwagize siku moja kabla, kwa sababu mchele wake hulazwa majini usiku kucha.